Lugha ya Siri ya Kuokoa Ofisi Yangu

Jumatatu, 3 Juni
Vita! Mke wangu, fundi cherehani, anataka chumba cha uani kiwe karakana yake. Chumba hicho ni ofisi yangu. Ndimo ninamofikiria baada ya chakula cha mchana. Anasema ninapofikiria nasikika mpaka kwa jirani. Anahamia Jumamosi. Labda!

Jumanne, 4 Juni
Dawa imepatikana. Mdogo wangu, tunayeishi naye, kaleta kitabu cha lugha ya kutungwa, iliyochotwa kwenye Kilatini na watoto wake kina Kifaransa. Tutapanga njama mbele ya mke wangu, asiambulie kitu. Kitabu kinaapa kwamba hakuna lugha rahisi kama hii, hata mtoto anaiweza. Safi sana.

Jumatano, 5 Juni
Somo la kwanza, sebuleni, mke wangu akishona. Kitenzi hakijali nani katenda: io versa, tu versa, illa versa. Namwaga, unamwaga, anamwaga. Basi! Wingi, unabandika s tu. Mdogo wangu ana kichwa kizito, ikabidi nirudie kila kanuni kwa sauti, na Kiswahili chake. Mke wangu akasimamisha cherehani, akaniomba nirudie kanuni ya wakati ujao, eti inapendeza masikioni. Nikarudia mara tatu. Maskini wa watu.

Alhamisi, 6 Juni
Mpango umeiva. Kesho mdogo wangu atapanda ngazi, amwage maji darini. Chumba kitavuja. Nani ataweka vitambaa vya wateja kwenye chumba kinachovuja? Tuliyasema yote mezani, kwa ufasaha, mbele yake. Yeye anatafuna tu. Nilimwonea huruma kweli.

Ijumaa, 7 Juni
Ngazi haionekani! Tulipekua nyumba nzima. Mke wangu akainua macho kutoka kwenye pindo la gauni.

"Ngazi nimemwazima jirani, mume wangu. Ndoo ipo, ila sijui maji yatapandaje."

Mdogo wangu akaaga ghafla. Nikamwuliza mke wangu amejuaje. Akanijibu kwa lugha yetu, sentensi ndefu, bila kusita. Sikuambulia hata nusu. Nimeaibika vibaya.

Jumamosi, 8 Juni
Cherehani imehamia ofisini. Nimeibeba mimi. Sasa nafikiria kwenye kigoda cha jikoni. Shingo inauma.

Jumapili, 9 Juni
Kosa nimeligundua: lugha ilikuwa rahisi mno! Nimehamia Kilatini chenyewe. Hiki hakuna atakayekidaka. Vitenzi vinageuka kila upande, somo la kwanza limenitoa jasho. Nimemwomba mke wangu awe ananisahihishia mazoezi.