Uzinduzi wa Jumba la Kumbukumbu la Nova Dolyna

Baba Paroko Yosafat pamoja na mkewe, mama paroko, kwa kuwa mapadre wa kanisa letu la Kiukraina huoa. Mheshimiwa Meya wa mji wetu wa Nova Dolyna, ambaye ni mimi. Mwenyekiti wa Kamati ya Kudumu ya Urithi wa Wahamiaji wa Kiukraina, ambaye, kutokana na uzito wa majukumu, ni mimi pia. Akina mama mlioko jikoni mnaokunja wali ndani ya majani ya kabichi. Wajukuu wa wale waliokuja kwa meli kisha kwa treni mpaka kwenye nyika hii ya Kanada: kama kuna niliyemsahau, ajihesabu ametajwa. Mimi, Zenon Havryliak, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu mkubwa unaonistahili. (Makofi kutoka meza ya mbele, walipoketi shemeji zake.)

Ndugu wadau, mtakumbuka kwamba miaka mitatu iliyopita nilipita nyumba kwa nyumba, kwenye theluji, kwa gari la halmashauri, nikiwaomba mnikabidhi picha za harusi, vitambaa vya kudarizi, barua kutoka vijiji vya Galicia kule Ukraina na kanda za sauti za wazee wenu, ili vihifadhiwe katika jumba la kisasa lenye hewa iliyodhibitiwa, nanyi mkaitikia kwa moyo mmoja, kiasi kwamba leo natangaza kwa fahari kuwa ukusanyaji umefikia asilimia mia moja na nne. (Mtu anauliza hizo nne zimetoka wapi.) Hizo nne ni ari, ndugu yangu. Ari nayo hupimwa.

Aidha, kwa kuzingatia mkakati shirikishi, kamati yangu ilifanya upembuzi yakinifu, ikaupembua ule upembuzi, kisha katikati ya majira ya baridi ikazuru majumba ya kumbukumbu ya nchi zenye fukwe ili kujifunza namna unyevu unavyodhibitiwa, nami nilirejea nikiwa nimeelimika na nimeungua kwa jua. (Kicheko, kisicho cha furaha.)

Namwona mama yangu wa ubatizo, Bibi Teklia Kozakevych, amesimama. Keti, mama, maswali ni baada ya chakula. Hataki. Basi, kwa faida ya walioko nyuma, anaulizia kanda yake. Anasema humo marehemu mama yake anasimulia baridi yao ya kwanza, walipoishi kwenye shimo lililoezekwa kwa mabonge ya udongo na nyasi, na katikati ya masimulizi anamwita yeye Teklia, aliyekuwa msichana wakati wa kurekodi, aje aongeze kuni. Anasema anaitaka leo, hakuna nakala nyingine. Mama, kanda hiyo ipo salama katika hifadhi ya muda.

(Levko, mtunza uwanja wa mchezo wa barafuni, anasema kutoka mlangoni: "Hifadhi gani, Zenon? Masanduku uliyarundika kwenye banda langu la mashine. Theluji ilipoyeyuka maji yakaingia. Tangu Pasaka nakupigia, hupokei.")

Namshukuru mtaalamu wetu wa hifadhi kwa taarifa hiyo ya kina. Kwa lugha ya kitaalamu, sehemu ya kumbukumbu zetu imepitia hatua ya unyevu ambayo haikuwemo kwenye andiko la mradi, na tathmini itafanywa na kamati ndogo, nitakayoiongoza. Msivae makoti, ndugu zangu, bado nina kurasa. (Levko anaingia na sanduku la Teklia na kulitua juu ya meza kuu. Maji yanachuruzika kwenye kitambaa. Teklia anaitoa kanda. Imeota ukungu, na utepe wake umegandamana.)

(Anamsogelea Zenon hadi kwenye kipaza sauti. "Mama alikuwa akiniita Teklunia," anamwambia. "Hakuna aliyebaki hai wa kuniita hivyo. Hebu niite wewe, mwanangu, nisikie.")

Mama, itifaki ya shughuli hii... (Teklia anamsubiri.) Tek... Teklunia. ("Siyo hivyo," anasema Teklia. Anaifunga kanda kwenye leso yake na kutoka. Watu wanainuka, meza moja baada ya nyingine, wanamfuata kuelekea bandani.)

Ndiyo. Kama mnavyojionea, awamu ya pili, yaani urejeshaji wa urithi kwa jamii, imeanza kabla ya muda uliopangwa, jambo linaloonyesha ubora wa uongozi. Tuseme pamoja: urithi wetu, fahari yetu. (Sauti kutoka jikoni inauliza kama wale watu watarudi kula.) Urithi wetu, kesho yetu.

Namalizia kwa kumshukuru msanifu wa jengo, ambaye tutamtafuta. Mafundi, ambao watapatikana. Na aliyetuazima mkasi, naye aje auchukue, kwa sababu hatuna mlango wa kufungia utepe wa uzinduzi, na kiwanja mlichokiona kwenye mchoro ni yale maegesho ya magari ya kanisa. Hilo, Baba Paroko, nilikuwa nakuja kukwambia. Baba Paroko?

(Kiti ni kitupu. Baba Paroko yuko nje, ameinua upande mmoja wa sanduku; upande wa pili ameushika Levko.)