Jedwali Langu la Jua na Msitu wa Usoke

Jumatatu, 16 Juni 2025
Jedwali limekamilika. Karatasi moja tu. Unapima jua la adhuhuri kwa kipimapembe chenye uzi na nati ya kuning'inia, unatazama tarehe, unafanya hesabu moja, unajua uko umbali gani kaskazini au kusini mwa ikweta. Mabaharia husomea miaka. Mimi nimelichora kwenye steshenari yangu hapa Tabora, katikati ya kutoa kopi za vyeti vya kuzaliwa. Sijalijaribu.

Jumatano, 18 Juni
Mwalimu Flavia wa jiografia alikuja kuchapa mtihani, akaliona. Akasema nilipoandika “jumlisha” panatakiwa “toa”. Mbele ya wateja watatu. Nikamjibu kuwa majedwali ya kisasa yanajumlisha. Sijui jibu hilo nililitoa wapi. Akauliza kama naweza kulijaribu porini. Nikasikia mdomo wangu ukisema Jumamosi. Naogopa nyoka. Naogopa fisi. Zaidi namwogopa Mwalimu Flavia.

Ijumaa, 20 Juni
Mke wangu Levina ameuliza dawa za kuzuia kuharisha ni za nini, pakiti tatu. Nimesema ni za wenzangu.

Jumamosi, 21 Juni
Mzee Masolwa, mrina asali wa Usoke, alitupeleka mimi na Flavia kwenye njia ya zamani ya misafara. Nilimwamkia shikamoo mara mbili kwa woga. Jua lilipofika juu kabisa nikajitenga, Flavia asichungulie. Nikapima: nyuzi ishirini na nane kutoka utosini. Jedwali, kwa tarehe ya leo: ishirini na tatu. Nikajumlisha. Hamsini na moja, kusini. Huko ni baharini, kupita mwisho wa Afrika.

Nimepotea kiasi hicho kwa hatua mia? Nikakimbia kaskazini kurudi. Nilikimbia muda mrefu. Nikasimama, miti yote inafanana. Nikaita, kimya. Kisha kichaka kikatikisika. Nikapanda mti. Mti ulikuwa na mzinga.

Aliyetikisa kichaka ni Flavia, akinitafuta. Mzee Masolwa alinishusha kwa moshi, macho yangu yamefumbwa na uvimbe.

“Mwanangu,” akasema, “ulikuwa unakwenda wapi?”

Nikamwambia nyumbani.

“Nyumbani kuko nyuma yako.”

Jumapili, 22 Juni
Sikwenda kanisani. Sura haifai. Flavia alikuja kunipa pole. Akachukua namba zangu zile zile: ishirini na nane toa ishirini na tatu, tano. Tano kusini, ndipo Usoke ilipo. Levina akasema karatasi ile iende jikoni ikawashie mkaa.

Flavia alipoondoka nikafikiri kwa utulivu. Kosa nimeliona. Karatasi ilikuwa nyembamba, jasho likailowanisha. Nimechapa upya kwenye karatasi ngumu na kuilamineti. “Jumlisha” nimeiweka kwa herufi kubwa nyekundu, mtu asije akachanganyikiwa. Wanakwaya arobaini wa kanisani kwetu wanataka kutembea njia ya misafara mwezi ujao. Nimewapigia simu, nimewaambia wasihangaike kutafuta mwenyeji wa msitu. Nitawaongoza mwenyewe.

Nilipokata simu nimekwenda kununua pakiti sita zaidi za dawa za kuzuia kuharisha. Ni za wanakwaya.