Ombi la Kuhesabiwa Ndugu wa Mbali

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Utafiti na Huduma za Afya ya Akili.

Mheshimiwa Mwenyekiti,

YAH: KUHAMISHWA KUTOKA UDUGU WA KARIBU KWENDA UDUGU WA MBALI

Natumaini barua hii inakukuta mzima, umekaa kwenye kiti chenye mgongo. Mimi ni dada wa mgonjwa wenu, yule kijana mrefu wa kliniki ya Jumanne anayependa kukaa dirishani. Mimi ndiye ninayeishi naye, ninayemkumbusha dawa, na ninayejua kwamba akianza kuficha viatu vyake uvunguni, basi wiki hiyo hatulali.

Nimesikia, tena kwa muuza duka la dawa, kwamba siku hizi mnawashirikisha walezi katika utafiti na maamuzi. Nilifurahi hadi nikaanika nguo bila kuzikamua. Kumbe mlezi mliyemwalika ni kaka yetu mkubwa! Kwa kufuata maneno yake, mdogo wangu atapunguziwa dawa na kuhamishiwa nyumba ya uangalizi nje ya mji, na Alhamisi mnapitisha. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kaka anaishi mji mwingine. Huja wakati wa likizo, na tai yake na mfuko wa machungwa, akakaa ukingoni mwa kochi kama mtu aliyeacha teksi inamsubiri. Jina lake limo kwenye faili kwa sababu palitakiwa mkuu wa familia, na karani wenu akaangalia nani ana ndevu. Amewaambia mdogo wetu analala fofofo. Ni kweli. Kaka akija, mdogo wetu hujifanya amelala ili aondoke mapema.

2. Mkutano wa walezi mliuweka asubuhi, mkabandika tangazo: walezi wote karibuni, msije na wagonjwa. Sasa nimwache na nani, Mheshimiwa? Nilimwomba mlinzi wa geti, akanitazama kana kwamba namkabidhi nyoka. Nikarudi nyumbani. Ripoti yenu ikasema walezi hawana mwamko. Mwamko! Mimi ambaye usingizi nausikia kwa majirani!

3. Mtafiti wenu alikuja nyumbani, binti mwenye adabu zake, akaniuliza najisikiaje, nichague kati ya vizuri, wastani na vibaya. Sufuria inaungua, mdogo wangu anagombana na redio. Nikasema wastani. Akashukuru, akaenda zake.

4. Hapo ndipo nilipoielewa kanuni yenu: kadiri mtu anavyokaa mbali na mgonjwa ndivyo anavyomfahamu. Mimi wa chumba cha pili siulizwi, kaka wa mji mwingine anaulizwa, na profesa wenu wa ng'ambo ambaye hajamtia machoni ndiye anayekata shauri. Sawa, nimekubali. Naomba basi nami nihesabiwe ndugu wa mbali. Nitahamia kwa shangazi, nitavaa miwani, machungwa nitanunua. Godoro langu achukue kaka. Baada ya muda nitakuwa sijui lolote, na nitafaa kabisa kuingia kwenye kamati.

5. Na kwa kuwa mkeo simfahamu hata kidogo, wala sijawahi kutia mguu kwenu, niko tayari Alhamisi kutoa maoni ya kitaalamu kuhusu ale nini, alale saa ngapi na ahamishiwe wapi. Usiwe na wasiwasi, sitamsumbua kwa kumuuliza.

Niwie radhi, Mheshimiwa, hasira zimenipanda. Ukweli ni kwamba naogopa. Mdogo wangu akipunguziwa dawa huko asikojulikana, nani ataona viatu vimeingia uvunguni? Jambo lolote linalomhusu lisipite bila kuulizwa mtu anayeishi naye. Sina ombi jingine.

Wasalimie wote hapo ofisini: karani, muuguzi wa sindano, hata mlinzi wa geti, sina kinyongo naye.

Mimi niliye karibu mno,
Dada wa mgonjwa.

Nyongeza: Hapa naandika mimi, mdogo wake. Dada anafua, amenituma niilete barua hii, na bahasha hakuifunga. Nimeisoma yote. Ya kaka ni kweli tupu. Ya dawa pia: msinipunguzie, bado nazihitaji. Ila dada anasema aulizwe anayeishi na mgonjwa. Mimi ninaishi naye kuliko dada, hata bafuni naingia naye. Sijaulizwa na kaka, wala na ninyi, wala na dada. Hiyo nyumba ya uangalizi ningependa nikaione. Nasikia wana karakana ya useremala. Dada sijamchoka hata kidogo, ila nataka naye alale. Tafadhali msimwambie. Nitamwambia mwenyewe, akishaanua nguo.