Mdundo wa Seli Mia Nane

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nimegundua kitu! Nilikuwa nyumbani Magogoni, naendesha programu yangu ya kuiga ubongo wa panya: seli mia nane ndani ya kompyuta, kila moja ikitoa cheche kwa wakati wake. Leo zimetoa cheche zote pamoja. Zikanyamaza pamoja. Zikarudia. Nimetazama hadi chai ikapoa. Nani anaziamuru? Panya mwenyewe, je, anajua?

Ijumaa Daktari Jalila, mkuu wa maabara, anaamua jina la nani litangulie kwenye makala: langu au la Mwikali. Mwikali ana digrii mbili. Mimi programu nilijifunzia saiba, kwenye kompyuta za kukodi kwa saa, kwa pesa ya kubeba saruji. Mara hii hesabu iko upande wangu.

Jumanne, 4 Machi

Sheria ya maabara: matokeo hayaonyeshwi kabla mwenzako hajaikagua programu. Mkaguzi wangu huwa Mwikali. Sitaki! Yule hukuta makosa hata kwenye zamu za kupika chai. Nimemwomba Lenox, anayetuchorea grafu. Programu hasomi. Nimempamba kwa jina la mtaalamu, nikamnunulia viazi karai. Akauliza atie tiki wapi.

Ijumaa, 7 Machi

Mkutano. Grafu yangu ukutani, Daktari Jalila kasogeza kiti karibu. Nilishaliona jina langu mbele. Mwikali akauliza kwa upole, ule upole wake wa kuchoma:

"Masha, ukikata njia zote zinazounganisha hizo seli, mdundo unabaki?"

Nikasema haiwezekani, seli hazipatani bila kuwasiliana. Nikazikata mbele ya watu wote, nimfunze. Mdundo ukabaki. Vilevile!

Lenox akauliza labda zimepeana miadi kwa simu. Huyo ndiye mkaguzi wangu.

Mwikali akaliona kosa papo hapo. Kila seli hujiamulia wakati wa kutoa cheche kwa bahati nasibu, na kompyuta huianzisha bahati hiyo kwa namba fulani. Mimi nilizipa zote namba moja, zikapata bahati ileile. Kumbe si seli mia nane; ni seli moja, mara mia nane. Daktari Jalila akasema jina la Mwikali litatangulia, ila kama Jumatatu nitaleta mdundo wa kweli, uliokaguliwa na Mwikali mwenyewe.

Jumapili, 9 Machi

Sikwenda kanisani. Nimeipa kila seli namba yake. Mdundo umetoweka! Nikabadilisha namba. Hakuna. Nikabadilisha tena, mara mia mbili na kumi na moja. Mara moja tu, ukifinya jicho, kuna kitu kinafanana na mdundo. Hiyo nimeihifadhi. Zile mia mbili na kumi nimezifuta; zinachanganya watu.

Jioni Mwikali akanipigia kwa WhatsApp, anataka nimtumie programu aikague. Nikamwambia samahani dada, Magogoni hatuna mtandao tangu asubuhi. Akauliza, sasa sisi tunaongeaje?

"Swali zuri," nikamwambia. "Nitalichunguza."