Malalamiko Kuhusu Gari Lililoshinda Bila Kelele

Hewa Bora, Lubumbashi
Jumatatu, 15 Septemba 2025

Kwa Papa Antoine,
Mwenyekiti wa Kamati ya Mbio za Mita Mia Nne,
na pia baba mkwe wangu.

Papa Mheshimiwa,

Nawaandikia kama mkwe kwa heshima yote, na kama mshindani kwa uchungu wote. Mkiona heshima imezidi, ni ya mkwe. Mkiona uchungu umezidi, naomba msiuhesabie ukwe.

Mnakumbuka ubatizo wa mtoto wetu wa mwisho. Mwanenu Clément alisimama mbele ya familia nzima, chupa mkononi, akasema: "Shemeji, muntu wa kuuzisha bitenge anapashwa kutembeza cherehani." Watu walicheka mimi, muuza vitenge, kuambiwa niendeshe cherehani. Ninyi mlicheka mpaka mkaweka sahani chini.

Miezi minne baadaye nikanunua gari la umeme, lile ambalo kitabu chake kinasema linatoka kusimama hadi kilomita mia kwa saa ndani ya sekunde tatu. Sikulinunua kwa hasira. Nililinunua kwa ajili ya kulinda mazingira. Kwamba lilifika wiki ileile ambayo Clément alijiandikisha kwenye mbio, hiyo ni kazi ya Mungu, na mimi siwezi kuijibia.

Jana, baada ya misa, kwenye ile lami iliyonyooka upande wa Kinsevere, gari langu lilitangulia gari la Clément mara mbili mbele ya watu wote. Kombe akapewa Clément. Kwa hiyo nalalamika kama ifuatavyo:

1. Kuhusu kuanza. Bwana Hénoc, mwenye bendera, alitungoja tuwashe. Clément akawasha, ndege wote wakaondoka kwenye miti. Gari langu lilikuwa limewashwa tangu zamani. Hénoc akaja kugonga kioo changu cheusi: "Papa Gauthier, washa!" Ndani, kofia ngumu ikatikiswa kumwonyesha kwamba tayari. Hakuridhika. Akalaza sikio juu ya kapo, kile kifuniko cha mbele, kama daktari juu ya kifua cha mgonjwa, kisha akainuka na kuwatangazia watu: "Imekufa." Wengine wakavua kofia. Papa, ni haki gani hii, gari kufanyiwa matanga likiwa hai?

2. Kuhusu kumaliza. Bendera iliposhuka, gari langu liliondoka. Bwana Caleb, aliyewekwa kwenye mstari wa mwisho, alikuwa anatazama inakotoka kelele, na kelele yote ilikuwa ya Clément. Nimeomba kuona daftari lake. Ameandika hivi: "Saa nane na dakika kumi, upepo. Kisha Clément." Nauliza kwa adabu: upepo una namba za usajili? Upepo huwasha taa za breki ukifika mwisho?

3. Kuhusu sauti. Mlikaa kikao palepale, mkaamua mbio zirudiwe, na kwamba kila gari lazima lisikike. Nilitii. Nilimwomba Tantine Exaucée, dada mdogo wa marehemu mama yangu, aketi kiti cha mbele na kushusha kioo. Mnamfahamu: ndiye anayeongoza kwaya yetu bila kipaza sauti. Kwa mita mia nne Tantine alinguruma bila kupumua. Alibadilisha hata gia, ingawa gari lenyewe halina gia. Bwana Caleb safari hii alisikia, akageuka, akaona. Tulipita kwa urefu wa magari manne. Watu walipiga kelele za furaha, na mama mmoja muuza karanga alimwaga karanga zake zote. Hapo ndipo Kamati ilipokumbuka kwamba kanuni zinakataza abiria. Papa, Tantine hakuwa abiria. Alikuwa bomba la moshi. Anastahili kuandikwa kama kipuri.

4. Kuhusu karatasi. Hili ndilo lililonitoa machozi. Gari lilipoingia kutoka Zambia kupitia Sakania, nilimpa bwana mmoja, Chilufya, kazi ya kunijazia karatasi. Alifungua kapo akakuta nafasi tupu ya kuweka sanduku. "Moteur iko wapi?" akauliza. Nikamwambia iko chini, karibu na magurudumu, ni ya umeme. Akainama, akachungulia, akasimama, akajipangusa vumbi kwenye magoti, akanishika bega: "Papa, pole. Njo balikuibia." Na kwa kumhurumia mtu aliyeibiwa injini, akaandika: gari bila injini. Sijui Clément aliipata wapi karatasi hiyo, ila jana aliitoa mfukoni na kuisoma mbele yenu. Nanyi mkaamua kwamba kisicho na injini si gari bali ni mzigo, na mzigo hauwezi kushinda mbio. Nakubali. Basi mniambie ni nani aliyeusukuma mzigo ule mpaka ukamwacha mwanenu nyuma, ili nikamtafute huyo mtu tumpe kombe lake.

5. Wanasema gari langu linakunywa mazutu, yaani dizeli, kwa siri, kwa kuwa umeme ukikatika mtaani naliunganisha kwenye jenereta. Ni uongo. Jenereta ndiyo inayokunywa.

6. Clément aliliita tena gari langu cherehani, safari hii kwenye kipaza sauti. Mlicheka tena. Mke wangu Agnès hakucheka.

Kwa sababu hizo naomba, kwanza, daftari lisahihishwe: palipoandikwa "upepo" paandikwe Gauthier. Pili, kombe litoke kwenye kabati la Clément lije kwangu kabla ya Jumapili. Tatu, ili haki iwe sawa kwa wote, na kwa kuwa imeonekana kelele huvuta macho ya waamuzi, tangu sasa magari ya mafuta yashindane yakiwa yamezimwa. Clément ana vijana wenye nguvu pale kwenye karakana yake, wamsukume. Na wasipofika mwisho siku hiyohiyo, Kamati iwe na subira nao kama ilivyokuwa na subira nami.

Msalimieni sana mama mkwe wangu, Mama Clotilde. Sombe yake ya majani ya muhogo ilifika ingali moto. Wasalimieni majirani wa hapo kwenu, na bwana Hénoc, mkimwambia kwamba marehemu anaendelea vizuri. Clément naye msalimieni, lakini kwa kiasi.

Mimi niliye wenu kwa ndoa, na mpinzani wenu kwa muda tu,

Gauthier Mbuyi

Nyongeza: Papa, nilikuwa natafuta bahasha, Agnès akaichukua barua hii akaisoma yote akiwa amesimama. Kisha akasema: "Gauthier, andika ukweli, ao nitauandika miye."

Ukweli ni huu. Siku ya kulijaribu gari nilikanyaga mara moja tu. Kilichofuata sikukiona, nilijikuta mbele ya duka la watu nisiowajua, namwita mama yangu. Tangu siku hiyo sijagusa usukani. Jana kofia ile ngumu ilikuwa kichwani mwa binti yenu. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma, nimejifunika vitenge, nasali rozari, na Tantine alinishikia mkono kila alipopata nafasi kati ya gia.

Nilimwuliza Agnès alijifunza wapi kuendesha, kwa kuwa ninyi mlimkatalia usukani tangu usichana. Akajibu: "Kwa motokari ya Papa, saa ile analala kisha kula. Clément njo alinifundisha."

Kombe halitaki. Anachotaka ni kwamba aandikishwe yeye kwenye mbio za Jumapili ijayo, mpeperushe bendera ninyi wenyewe, na kabla ya kuishusha mtaje jina lake, Agnès, kwa sauti, watu wasikie.

Nami kama mtu wa haki nalazimika kuikumbusha Kamati kanuni ya sita, niliyoiandika kwa mkono wangu nilipokuwa katibu wenu: aliyejiandikisha ndiye aendeshe, na asipoendesha yeye, ushindi ni wa mpinzani wake. Kwa hiyo Clément alishinda jana kwa halali kabisa. Mpeni pongezi zangu. Ila msimwambie alimkimbiza nani. Aone mwenyewe Jumapili, kofia itakapovuliwa.