Vita Visivyo na Kibali Katani Mikoroshoni

"Ofisi ya Mtendaji wa Kata ya Mikoroshoni inapenda kuwatangazia wananchi wote kwamba vita vilivyoingia katani kwetu tangu Ijumaa vimesimamishwa mpaka hapo vitakapopata kibali. Yeyote atakayeendelea kupigana atachukuliwa hatua."

Tangazo hilo lilipita mitaani Jumatatu asubuhi ndani ya bajaji, likisomwa na mtendaji mwenyewe, Bwana Edgar Kamugisha, kwa sauti nzito aliyoifanyia mazoezi bafuni. Akina mama wa vitumbua hawakuacha kugeuza vitumbua vyao. Watoto walikimbilia bajaji, si kwa hofu, bali kuuliza kama kuna anayejua njia ya kuvuka daraja.

Vita vyenyewe vilikuwa gemu. Lilikuwa na jina refu la Kiingereza, watu wa Mikoroshoni wakalifupisha wakaliita Kikosi. Lilitoka siku moja dunia nzima, na dunia nzima ikagombana. Wazazi wa ng'ambo walisema linafundisha watoto kuua. Wataalamu wakajibu kuwa linafundisha kupanga mikakati. Redioni Dar watangazaji walibishana tangu asubuhi mpaka taarifa ya habari, na wapiga simu wakawa wakali kuliko gemu lenyewe.

Mikoroshoni, huku Temeke ya pembeni ambako lami inakata tamaa kabla ya kufika, ishu ilikuwa nyingine kabisa. Ndani ya Kikosi kulikuwa na hatua moja iliyopiganwa katika mji wa pwani ya Afrika usiotajwa jina, na vijana waliapa kwamba mji huo ni wao. Kulikuwa na tangi la maji lililoinama. Kulikuwa na mtaro usio na mfuniko. Dereva mmoja wa bodaboda aliiona pikipiki yake, na mama mmoja aliona khanga yake juu ya kamba, akataka kujua ni nani aliyewaruhusu kuipiga picha kabla haijakauka.

Wasioamini walikuwepo. Walisema mitaro isiyo na mfuniko imejaa kila mahali, mbona hata Mbezi Beach ipo. Ubishi ulikuja kwisha pale askari wa kwenye gemu walipofika mwisho wa kichochoro, wakakuta ofisi yenye bendera, wakapiga teke mlango. Ndani palikuwa na meza na kiti, na juu ya mgongo wa kiti limetundikwa koti. Mtu hakuwepo.

"Ni kwetu," watu wakasema kwa pamoja, na aliyekuwa anabisha akaomba radhi.

Mtu apewe haki yake: koti la Bwana Kamugisha lilikuwa mtumishi hodari. Liliwahi ofisini kila siku ya kazi, halikuwahi kuomba ruhusa ya msiba, na mwananchi aliyekuja kutaka barua alionyeshwa kwa heshima: mtendaji yupo, si unaona koti, katoka kidogo. Bwana Kamugisha mwenyewe alikuwa eneo la kazi. Eneo hilo halikuwahi kutajwa, ila lilikuwa na supu nzuri ya utumbo.

Sasa mtu mwingine angeona aibu. Bwana Kamugisha aliona fursa. Kwa miaka mingi alikuwa akingojea kuhamishiwa halmashauri, kwenye ofisi yenye kiyoyozi na mlango wenye jina lake. Alikuwa ameutamani mlango ule mpaka akauota. Jumamosi ile Afisa Tarafa, Bi. Demetria, alikuwa anakuja kwenye mkutano wa hadhara, na iliaminika kwamba atakuja akitafuta jina la kupeleka juu. Tatizo ni kwamba kata ya Mikoroshoni haikuwa na tukio lolote. Mtendaji wa kata ya jirani alipata mafuriko, akapanda cheo. Wa kata ya pili alipata kipindupindu, akapelekwa semina Arusha. Yeye alikuwa anakaa tu na amani, na amani haiandikiki kwenye taarifa. Na sasa, kwa rehema za Mungu, amepata vita.

Mchana huohuo aliunda Kamati Maalumu ya Kata ya Kuchunguza Uvamizi wa Kwenye Kioo. Wajumbe walikuwa watatu: yeye mwenyewe; Bi. Loveness, afisa maendeleo ya jamii; na Mzee Mwishehe, mjumbe wa nyumba kumi tangu enzi ambazo nyumba zilikuwa kumi kweli.

"Swali la kwanza la kitaalamu," alisema mwenyekiti. "Eneo la mapigano ni kata yetu au si kata yetu?"

"Tukisema si kwetu?" aliuliza Bi. Loveness.

"Hatuna mamlaka. Hatuna kesi. Hatuna hata kikao hiki, na soda hizi mnarudisha."

"Tukisema ni kwetu?"

"Mamlaka yapo."

"Na lile koti, bosi?"

"Koti," alisema Bwana Kamugisha, "ni suala la kiufundi."

Kamati ikapitisha kwa kauli moja kwamba ni kwetu. Kilichobaki ni kosa, na kosa alilipata Mzee Mwishehe, ambaye katika maisha yake aliijua sheria moja tu na aliipenda kama mtoto wake. Mgeni akiingia mtaani, mwenyeji wake anamleta kwa mjumbe, anajulikana katokea wapi na anaondoka lini.

"Hawa askari wameingia tangu Ijumaa," alisema mzee kwa uchungu. "Wana bunduki. Wamelala kwa Mwajabu. Mie sijaletewa hata mmoja!"

Basi kamati ikaenda kwa Mwajabu, ikisindikizwa na mgambo.

Mwajabu alikuwa mzaliwa wa hapohapo, yeye na mama yake na bibi yake. Zamani aliuza samaki wa kutoka Kunduchi. Umeme ulipomchosha kwa kukatika na samaki kuoza, aliuza friji, akanunua tivii kubwa na mashine ya gemu, akaezeka banda ubavuni mwa nyumba. Wiki hiyo, kwa sababu ya Kikosi, banda lilikuwa limejaa kuliko sikukuu, na kwa mara ya kwanza tangu auze friji lile alikuwa amelala usingizi bila kujilaumu.

"Shikamoo, Mzee Mwishehe."

"Marahaba, mwanangu. Wageni wako wako wapi?"

"Wageni gani tena, mzee?"

"Wale wenye kofia za chuma."

Mwajabu aliangalia kioo, akamwangalia mzee, akamwangalia mtendaji. "Mnanitania."

"Serikali haina muda wa utani, mama," alisema Bwana Kamugisha. "Unatuhumiwa kuhifadhi wageni wenye silaha bila kuripoti. Mashine inachukuliwa kama kielelezo mpaka Jumamosi, tutakapokufikisha mbele ya Afisa Tarafa."

"Mtendaji, chukueni hata hicho kiti, lakini hiyo mashine niachieni. Wiki hii ndiyo watu wanalitaka hili gemu! Wiki ijayo washalichoka. Nitakula nini mie?"

Alilia, na hakuona haya kulia. Vijana kwenye mabenchi waliinamisha vichwa. Bwana Kamugisha naye alijisikia vibaya kidogo, lakini akaufikiria ule mlango wenye jina lake, akapona. Mgambo akabeba mashine, Bi. Loveness akabeba tivii, maana kielelezo bila kioo hakichunguziki.

Uchunguzi ulifanyika ofisini kwa mtendaji, mlango umefungwa. Kila siku ulianza mapema na kwisha jua likizama, na kwa wiki nzima wananchi waliokuja kutaka barua walikaa kwenye benchi la nje wakisikiliza mabomu. Lazima isemwe kwamba Bwana Kamugisha hakuwahi kushinda ofisini namna ile. Hata supu ilifuatwa na mgambo.

Bi. Loveness aligundulika kuwa na kipaji cha kutisha. Mama huyu, ambaye kazi yake ilikuwa vikundi vya ushonaji, alipita vichochoroni akiangusha watu huku anaimba pambio. Mzee Mwishehe yeye alikuwa na tatizo la malezi. Hakukubali kuingia nyumba ya mtu bila hodi. Alimsimamisha askari wake mlangoni, akaita hodi kwa sauti, akangoja akaribishwe, na alipigwa risasi palepale kila mara.

"Mzee, ingia tu!" alipiga kelele mwenyekiti. "Wamo ndani, wanakungoja!"

"Kama wananingoja, mbona hawajibu?"

Kufikia Ijumaa kamati ilikuwa imefika kwenye daraja, na daraja likawagomea. Bwana Kamugisha aliahirisha kikao kwa shingo upande. Taarifa aliiandika usiku huohuo kwa raha, akatumia neno "uvamizi" kila lilipoingia, na mara mbili pale ambapo halikuingia.

Jumamosi turubai lilifungwa kwenye uwanja wa ofisi ya kata, viti vya plastiki vikapangwa, spika kubwa ikakodiwa. Tivii na mashine viliwekwa mezani, vimefunikwa kitambaa cheupe. Bi. Demetria alifika, mwanamke mrefu mpole asiyecheka ovyo, akasalimiwa na watoto kwa shikamoo moja ndefu, akakaa, akasikiliza.

Taarifa ilikuwa tamu. Ilisema askari wa kigeni, wakiwa na silaha nzito, waliingia katani kupitia kichochoro cha tangi la maji. Ilisema waliharibu mali, walitishia amani na walivamia ofisi ya umma. Ilisema mtendaji, kwa ujasiri na bila kujali usalama wake, alivisimamisha vita hivyo kwa bajaji.

Bi. Demetria alitikisa kichwa taratibu kama mtu anayeambiwa mambo mazito. "Mtuhumiwa yupo?"

Mwajabu alisimama na mtandio wake, akapewa kipaza sauti.

"Unakiri kuwapokea wageni hawa?"

Mwajabu alikuwa amekesha akijiandaa kukataa, kwamba hakuna wageni, hakuna vita. Lakini alipomwona mtendaji amejikunjua kitini na tabasamu lake, hasira ilimpanda.

"Nakiri, mheshimiwa. Niliwapokea."

Watu wakaguna. Bwana Kamugisha alimpigia makofi moyoni.

"Na kuripoti waliripoti," aliendelea Mwajabu. "Hata hawakwenda kwa mjumbe, walikuja moja kwa moja hapa ofisi ya kata. Muulize kijana yeyote hapa, lile gemu haliendi mbele mpaka uingie hii ofisi. Kila kikosi kilichopita kwangu kilikuja hapa kuripoti. Kila kikosi, mheshimiwa! Walikuta koti."

Kicheko kilianzia kwa bodaboda, kikapita kwa akina mama, kikafika mpaka kwa mgambo, ambaye aligeukia ukutani. Bi. Demetria hakucheka. Alimgeukia mtendaji.

"Bwana Kamugisha. Kata imevamiwa, wavamizi wamefuata utaratibu, wamefika ofisini kwako. Ulikuwa wapi?"

"Mheshimiwa," alisema Bwana Kamugisha, akasahau kwamba ameshika kipaza sauti, "lile si ni gemu tu!"

Spika ilikuwa imekodiwa kwa ubora. Maneno yale yalisikika mpaka barabara kubwa.

"Gemu?"

"Gemu, mheshimiwa. Ni picha. Hakuna aliyekuja."

"Basi huyu mama amekosa nini?"

Bwana Kamugisha alianza kupekua kurasa za taarifa yake.

"Na kamati," aliuliza Bi. Demetria kwa upole uleule, "wiki nzima ilikuwa inafanya nini?"

Mzee Mwishehe, ambaye hakuwahi kuidanganya serikali, alisimama kwa adabu.

"Tumefika darajani, mheshimiwa. Daraja ndilo linatushinda."

Hapo watu walicheka mpaka kiti kimoja cha plastiki kikavunjika. Bwana Kamugisha aliziona njia mbili mbele yake, na zote zilikuwa na miiba. Kama ni gemu, basi mtendaji wa kata alijifungia ofisini siku zote hizo akicheza, na wananchi wamekaa nje. Kama ni vita, angalau vita vina heshima yake, na huko halmashauri wanawahitaji watu waliowahi kupambana na jambo.

"Chagua, Bwana Kamugisha. Ni gemu au ni vita?"

"Ni vita, mheshimiwa," alisema, na sauti ya bafuni ikamrudia. "Nasimama na taarifa yangu."

"Vizuri. Mimi pia nasimama nayo." Bi. Demetria alikunja miwani yake. "Kwa kuwa mwenyeji aliwaleta wageni ofisini, hana kosa. Mali yake arudishiwe sasa hivi."

Vijana hawakungoja kuambiwa mara ya pili. Tivii iliondoka na kitambaa chake cheupe.

"Pili. Nilikuja hapa na jina lako mfukoni, Bwana Kamugisha. Halmashauri wananidai mtu, na nilikusudia nikupeleke wewe Jumatatu."

Bwana Kamugisha aliuona mlango. Aliziona herufi za jina lake, za dhahabu.

"Lakini kata iliyo vitani haiachwi bila mtendaji. Hiyo naamini unaijua. Utabaki hapa, ofisini, kwenye kiti, wewe mwenyewe mwili na roho, kuanzia asubuhi mpaka jioni, uwahudumie wananchi. Vita vikiisha, uniandikie, nitakuhamisha siku hiyohiyo."

"Asante, mheshimiwa," alisema Bwana Kamugisha kwa sauti ndogo. Kisha, kwa kuwa bado alikuwa na tumaini, aliuliza, "Na vitaisha lini?"

Bi. Demetria aliangalia huku na huku, akatafuta mwenye utaalamu. Mwajabu alikuwa anaondoka nyuma ya tivii yake, akiwahimiza vijana wasiigonge. Aligeuka.

"Hivi? Haviishi, mheshimiwa," alisema. "Kila mwaka wanatoa vingine. Vya mwakani tangazo lake nishaliona."

"Andika hivyohivyo," Bi. Demetria alimwambia Bi. Loveness.