Nilimpeleka Mama Chanjo, Nikakaribishwa Mimi

Jameni, leo nimeaibika mpaka chai imekataa kushuka kooni.

Mama yangu ana miaka sabini na tatu. Msimu wa mvua uliopita nimonia ilimlaza hospitali kule Longisa, tukaogopa sana. Kwa hivyo niliposikia dispensari inachanja wazee bure, wasishikwe na nimonia, nilimwachia mke wangu kazi ya kuchuna majani chai, nikambeba Mama na pikipiki.

Tukaingia laini. Mama akaona sindano. Akageuka.

"Mimi nimepona. Turudi, ng'ombe hajakamuliwa."

(Ng'ombe nilimkamua mwenyewe alfajiri.)

Nikaamua kutumia akili. Hii chanjo ni ya wazee, na mimi niko na arobaini na sita tu. Nikijitolea kwa sauti kubwa, nesi atanikataa, halafu nitabaki shujaa bila kudungwa. Ujanja, sivyo?

"Mama, angalia! Mimi nadungwa kwanza!"

Nesi, msichana mdogo tu, akanitazama kichwani. (Ndiyo, niko na mvi. Ni za kurithi!)

"Karibu, mzee. Kunja shati."

Mzee!

"Sista, mimi bado. Niko na arobaini na sita."

"Wazee wote hupunguza miaka wakiona sindano," akasema, huku anapaka mkono wangu spiriti. Kisha akamgeukia Mama kwa upole, kama nyanya yake: "Gogo, hebu mshikilie mzee wako asiruke."

MZEE WAKE! Yaani mume wake!

Laini yote ikalipuka. Nikachomoa kitambulisho mbio, kikaanguka. Nikainama kukiokota, magoti yakakataa, nikajikuta nimekaa sakafuni. Babu mmoja wa bakora akainuka kwa shida, akaniachia kiti.

"Kaa hapa, rafiki yangu. Hata mimi niliogopa."

Mama alicheka mpaka akajifuta machozi na leso. "Huyu nimemzaa mimi! Na alinisumbua!"

Nesi akasoma kitambulisho, akaniomba msamaha huku ameficha mdomo. Halafu, Mama akiwa bado anacheka, akamdunga. Mama hata hakusikia.

"Kwani imeisha?"

Imeisha, Mama. Hapo moyo wangu ukatulia kweli.

Lakini saa hii yuko kwa ua, anaita majirani mmoja mmoja: "Njooni mwone bwana niliyepewa na daktari!"

Anayejua duka ya kuuza rangi nyeusi ya nywele hapo Sotik anitumie ujumbe. Kama unacheka, baki na kicheko chako.